Nakala ya Siku Themanini na Moja

Manase Mughwai aliyajua majina ya watu mia mbili na kumi na wanne, na kati yao hapakuwa hata mmoja ambaye angeweza kusema Manase alikula nini jana. Hakuwalaumu. Kazi yake katika Shirika la Afya Mwangaza, pale Singida mjini, ilikuwa kulinda orodha: nani ameajiriwa, nani amehamishwa, nani ameondoka, na kila mmoja aruhusiwe kufungua mafaili gani katika kompyuta za shirika. Orodha hiyo ilikaa ndani ya seva moja, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya vyandarua, na wafanyakazi walikuwa wameibatiza jina la Bawabu. Kila asubuhi mtu alipoandika jina lake na nenosiri lake, awe mjini au katika kituo cha mbali, kompyuta yake ilimwuliza Bawabu kama huyu ni wa kwetu. Bawabu akikubali, mlango ulifunguka. Asipojibu, mtu alibaki nje, hata kama ni mkurugenzi.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Shahada yake ya hisabati aliipata Mlimani mwaka 1984, wakati ambapo kijana wa Ikungi akihitimu chuo kikuu watu walisimama barabarani kumtazama. Aliajiriwa na shirika la umma, akapewa meza, kabati na karani. Soko huria lilipoingia, shirika likauzwa, kabati likauzwa, na Manase akapunguzwa kazini pamoja na wenzake wote wa ghorofa ya pili. Mkewe, Flora, alikwenda Mwanza kufanya biashara ya vitenge ili wasife njaa. Alirudi mara mbili, kisha hakurudi tena. Manase akanunua kompyuta kuukuu iliyotoka Dubai, akajifunza kwa kitabu kimoja na makosa mengi. Shirika la Mwangaza lilipomwajiri, hakuamini kwamba anaijua kazi. Aliamini tu kwamba bado hawajamgundua.

Marietha Alute alikuwa karani wa masjala. Kwa miaka kumi na mmoja, saa saba kamili mchana, alifungua bakuli lake juu ya meza ya chumba cha seva, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi na ndicho chenye mtu asiyesengenya. Yeye alileta chakula. Manase alileta chupa ya chai.

“Manase, na hisabati zote hizo, mlenda tu unakushinda?”

“Wangu unakuwa maji.”

“Basi unaupika kwa hasira. Mlenda hautaki hasira.”

“Mimi sina hasira, Marietha.”

“Ndiyo hiyo sasa. Mwenye nayo hajijui.”

Alikuwa mjane, mwenye kicheko kifupi kama mtu anayekata uzi kwa meno. Hawakuwahi kuambiana neno ambalo mtu mwingine asingeruhusiwa kulisikia. Neno lenyewe Manase alikuwa nalo tangu mwaka wa tatu, na kila Januari alijiambia kwamba muda bado upo.

Tarehe thelathini na moja Julai, mwaka 2007, Marietha alifariki kwa homa ya siku tano. Walimzika kwao Mkiwa. Msibani Manase alikaa katika viti vya wafanyakazi, safu ya tatu. Watu walipita wakimpa pole Michael, kaka wa marehemu. Wakampa pole mkurugenzi. Wakampa pole hata dereva aliyeendesha gari lililobeba jeneza. Manase walimwuliza kama spika zinaweza kuunganishwa na betri. Alizifunga, zikafanya kazi, na mzee mmoja akamshukuru sana.

Ofisini kulikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote, na chanzo chake alikuwa Manase mwenyewe. Miaka minne kabla yake alifariki mtunza stoo, Mzee Abdulkadiri, naye Manase, kwa kufuata kitabu, akafuta jina lake katika orodha siku ileile ya mazishi. Wafanyakazi walipogundua, walimjia mlangoni kama watu waliokuta kaburi limefukuliwa. “Hata udongo haujakauka!” walimwambia. Tangu hapo ikawa sheria kwamba jina la marehemu haliguswi mpaka arobaini ipite.

Arobaini ya Marietha iliangukia Jumamosi, tarehe nane Septemba. Ijumaa, siku moja kabla, Manase alifanya kazi yake ya kila Ijumaa: alitoa nakala ya akiba ya Bawabu mzima, akaichoma katika sidii, akaandika tarehe kwa kalamu nyeusi. Jumatatu asubuhi alifungua orodha, akateremka mpaka herufi ya M, akachagua mstari mmoja na kuamuru ufutwe. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika. Alikaa mbele ya swali lile mpaka chai ikapoa.

Tarehe ishirini ya mwezi huohuo alifuta jina jingine, nalo halikumsumbua hata kidogo. Lilikuwa la Mansuri, mtunza dawa wa kituo cha Kinyangiri, aliyefukuzwa kwa kosa la kufungua mafaili ya wagonjwa wa virusi vya UKIMWI na kwenda kuyasimulia kijiweni.

Kwa kawaida sidii iliyopitisha mwezi mmoja Manase aliivunja vipande viwili na kuitupa. Ile ya Septemba saba hakuivunja. Haikuwa na picha ya Marietha wala sauti yake. Ilikuwa na mstari mmoja tu kati ya mistari zaidi ya mia mbili, wenye jina, cheo na namba ya chumba. Lakini ndani ya mstari ule Marietha alikuwa bado mfanyakazi, na Jumatatu angetazamiwa kazini.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, maana ndipo mambo yalipokuja kuharibikia. Bawabu naye ana msiba wake. Jina likifutwa halipotei papo hapo. Bawabu hulitia alama ya kwamba limekufa, akalihifadhi pembeni kwa siku sitini, ili kama yupo bawabu mwenzake mahali pengine, habari zimfikie naye alifute. Sitini zikitimia, hata ile alama huondolewa, na hakuna tena anayekumbuka kwamba jina lile liliwahi kuwapo. Kwa sababu hiyo nakala iliyozidi siku sitini haifai kujengea bawabu mpya. Ndani yake mna majina ambayo habari za msiba wao hazikuifikia, na hajabaki yeyote wa kuipa.

Bawabu mpya ndiye aliyekuwa anatakiwa Kinyangiri. Kituo kile kiliunganishwa na mjini kwa dishi la setilaiti, uzi mwembamba uliopanda mpaka mbinguni na kushuka tena. Mawingu yakiwa mazito, uzi ulikatika. Bawabu wa Singida hakusikia alichoulizwa, na wauguzi wa Kinyangiri walikaa mbele ya mafaili yaliyofungwa huku wagonjwa wakisubiri kwenye mabenchi. Katikati ya Novemba mama mjamzito alifikishwa akitokwa na damu, na kundi la damu yake lilikuwa ndani ya faili lisilofunguka. Alipona, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa na kadi ya kliniki mkobani. Mkurugenzi alimwita Manase siku ileile. “Mvua ndiyo kwanza zinaanza,” alimwambia. “Sitaki kusikia tena habari ya kadi ya mkobani.”

Seva ya pili ilishapelekwa Kinyangiri. Kilichobaki ni kuipa orodha. Mara tatu Manase alijaribu kuivuta orodha nzima kupitia dishi, na mara tatu ikakatikia njiani. Njia iliyobaki ilikuwa kuibeba mkononi: nakala ya akiba isomwe na seva mpya palepale kituoni, kisha dishi lipitishe mabadiliko machache tu ya siku za karibuni. Uzi mwembamba uliyaweza hayo.

Jumanne, tarehe ishirini na saba Novemba, alipanda basi la Nduguti, lile linaloiacha barabara kuu pale Iguguno. Katika mkoba wake mlikuwa na sidii ya jana yake, mpya, na nyuma ya hiyo mlikuwa na ile ya Septemba. Alijiambia kwamba fundi makini habebi nakala moja. Alijua kuwa hiyo si sababu.

Muuguzi mfawidhi wa Kinyangiri, Yustina, alimpokea langoni. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, Mnyiramba wa hapohapo, mwenye sauti iliyozoea kuita majina hadi benchi la mwisho.

“Shikamoo, kaka Manase. Umetuletea bawabu, au umetuletea maelezo?”

“Marahaba, sista. Leo nimeleta bawabu.”

“Mara ya mwisho ulituletea maelezo. Yalikuwa mazuri, tatizo mgonjwa hayamezi.”

Manase alitabasamu, akaomba ufunguo wa chumba.

Sidii mpya ilianza kusomeka vizuri. Ilifika nusu, ikapita nusu, kisha seva ikaanza kukoroma, ikasimama. Aliitoa akaitazama kwenye mwanga wa dirisha: mkwaruzo mrefu kama ukucha wa paka, kutoka katikati mpaka ukingoni. Vumbi la kutoka Iguguno lilikuwa limeingia mkobani, na sidii ilikuwa imesuguana nalo njia nzima. Akaifuta kwa fulana, akairudisha. Ikasimama palepale. Akajaribu mara ya tatu, mara ya nne. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajikusanya taratibu.

Yustina alichungulia. “Vipi?”

“Kidogo tu, sista.”

“Kidogo chako nakijua. Benchi limejaa hapa nje.”

Alipoondoka, Manase aliitoa sidii ya Septemba. Haikuwa na alama hata moja. Akaiweka. Seva iliisoma tarehe yake, ikaikataa: nakala ina siku themanini na moja, mwisho ni sitini.

Angeweza kuondoka wakati ule. Basi la kurudi lilikuwa saa nane. Angerudi mjini, achome sidii nyingine, arudi keshokutwa. Na kesho yake mkurugenzi angejua kwamba mhitimu wa chuo kikuu amesafiri siku nzima kupeleka sidii iliyokwaruzika. Alimsikia tayari akisema, bila ukali, “Haya, Manase,” na lile “haya” ndilo aliloliogopa kwa miaka kumi na mmoja.

Lakini ipo njia nyingine, na hakuhitaji kitabu kuikumbuka. Ile sitini ilikuwa namba tu, imeandikwa ndani ya Bawabu wa Singida, na yeye alikuwa na ruhusa ya kuibadilisha. Wenye programu wenyewe, katika matoleo ya karibuni, walikuwa wameipandisha hadi mia na themanini. Kwa hiyo akiibadilisha atakuwa anafuata ushauri wa wataalamu. Alijieleza hivyo kwa mpangilio mzuri, hoja juu ya hoja, kama alivyofundishwa, na katika hoja zote hizo jina la Marietha halikutajwa. Ungefikiri anazungumzia hisabati. Aliingia katika Bawabu wa Singida kupitia dishi, akaifuta sitini, akaandika mia na themanini.

Sidii ya Septemba ikakubaliwa.

Ilisomeka mpaka mwisho bila kukwama. Dishi likapitisha mabadiliko machache ya karibuni, seva ikajizima na kujiwasha, na saa sita na nusu mchana Kinyangiri ikawa na Bawabu wake. Manase aliifungua orodha. Hakuanza na herufi ya kwanza. Alikwenda moja kwa moja mpaka M.

Alikuwapo. Marietha Alute, karani wa masjala, chumba namba sita. Mstari ulikuwa mweusi na timamu kama mingine yote, haukuwa na alama ya chochote. Mjini, katika Bawabu mkubwa, hapakuwa tena na dalili kwamba mtu huyu aliwahi kuishi. Hapa alikuwapo. Hakuna habari itakayokuja kumwondoa, kwa kuwa siku za kuzileta zilikwisha, na hakuna mtu wa mjini angejua. Manase alikaa. Alihisi utulivu wa mtu aliyefika nyumbani akakuta taa inawaka.

“Saa ngapi sasa niwaambie wagonjwa?” Yustina alikuwa ameingia, amesimama nyuma ya kiti. Macho yake yalikuwa kwenye kioo. “Mbona huyo Marietha yumo? Si ndiye yule wa masjala aliyekuwa akituma fomu zetu? Si tuliambiwa amefariki?”

“Ndiyo. Ni... orodha ya zamani kidogo.”

“Ya zamani kiasi gani?”

Yustina aliinama, akaanza kusoma mistari iliyo juu na chini ya jina lile, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayeita mahudhurio. Kisha kidole chake kikagota kwenye kioo.

“Na huyu je?”

Kidole kilikuwa juu ya jina la Mansuri.

Ilimchukua Manase muda kuuona mstari ule, ingawa ulikuwa mistari minne tu juu ya ule aliokuwa akiutazama. Mansuri, mtunza dawa, Kinyangiri. Nenosiri lake lilelile, ruhusa zake zilezile.

“Bado anaishi hapa?” aliuliza.

“Anaishi? Kaka Manase, kila asubuhi yuko pale langoni anapiga soga na mlinzi. Anatusubiri tumrudishe kazini. Nasma wa mapokezi ni mke wa mdogo wake.” Sauti yake ilishuka, na iliposhuka haikuwa na mzaha tena. “Kuna wanawake watatu kijiji hiki waliohama kwa ajili ya mdomo wa yule mtu. Mmoja amerudi mwezi uliopita tu, kwa sababu nilikwenda mwenyewe kumwambia kwamba Mansuri hawezi tena kufungua faili lake. Nilimwapia. Sasa niambie: huyu akikaa pale mapokezi, akaandika jina lake, atafungua au hatafungua?”

“Mjini hatafungua.”

“Sijakuuliza ya mjini.”

“Hapa atafungua,” alisema Manase.

Angeweza kumfuta Mansuri peke yake. Wazo lilimjia haraka, limevaa vizuri: futa mstari mmoja, mwache mwingine. Lakini alijua kwamba hakuwa amehesabu wangapi wengine walifutwa tangu Septemba, wala nani kati yao alikuwa na sababu gani. Kwamba orodha iliyojengwa juu ya uongo mmoja haina mahali pa kuishia. Na kwamba alikuwa amewauza wanawake watatu asiowajua kwa mstari mmoja wa maandishi. Hilo la mwisho halikuja kama hoja. Lilikuja kama aibu, likakaa.

“Nitaifuta yote,” alisema. “Seva nzima. Naanza upya Alhamisi, kwa nakala safi.”

“Na leo?”

“Leo mtabaki kama mlivyokuwa jana. Nisamehe, sista. Kosa si la mashine. Sidii nzuri iliharibika njiani, na hii nilijua ni kuukuu. Kuna kizuizi nilikiondoa ili ikubalike.”

Yustina alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyesema nusu ya dalili zake. “Mtu kama wewe? Unayetuma barua ya kurasa mbili kutueleza tusichomoe waya? Kwa nini?”

Nje mtoto alilia, akanyamazishwa. Manase aliuona mkono wake mwenyewe umekaa kwenye kioo, karibu na herufi ya M, na hakukumbuka ni wakati gani aliuweka pale.

“Nilikuwa nakula naye mchana,” alisema. “Marietha. Miaka kumi na mmoja.”

Alingoja Yustina acheke, au aulize kama walikuwa na jambo, maana ndivyo watu wa ofisini wangeuliza. Yustina aliufuta mkono wake kwenye gauni la kazi, akamnyooshea.

“Pole sana, kaka Manase. Pole kwa msiba.”

Miezi minne ilikuwa imepita. Manase aliupokea mkono ule na kugundua kwamba hajui jibu. Amelisikia jibu hilo maisha yake yote, amewaona watu wakilitoa bila kufikiri. “Tumeshapoa,” alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu mwingine.

Aliifuta seva akiwa peke yake, kwa sababu Yustina alirudi kwa wagonjwa. Haikuchukua muda mrefu. Aliingia tena Singida kupitia dishi, akaondoa kila alama ya bawabu aliyeishi saa moja, akairudisha namba ya sitini mahali pake. Sidii ya Septemba aliivunja. Haikutoa mlio mkubwa. Vipande akavitia kwenye ndoo ya taka za kawaida, si ile ya sindano, kisha akapanda juu ya mwamba uliokuwa nyuma ya kituo, mahali pekee pa kushika mtandao wa simu, akampigia mkurugenzi. Alimweleza yote isipokuwa jina moja.

“Uliibadilisha namba bila kuniuliza?” alisema mkurugenzi.

“Ndiyo.”

“Na umeirudisha?”

“Nimeirudisha.”

Upepo ulipuliza ndani ya simu. “Haya, Manase,” alisema mkurugenzi. Lile “haya” likawa limesemwa. Manase alishuka mwambani akishangaa kwamba bado ana miguu.

Alhamisi alirudi na sidii tatu, kila moja imefungwa katika kitambaa chake. Ya kwanza ilitosha. Hakuifungua orodha kwenye herufi ya M. Aliipitia kuanzia juu, jina kwa jina, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na alipofika pale palipokuwa na pengo aliona majina mawili yaliyokaa jirani kana kwamba siku zote yalikuwa jirani. Halafu akachomoa waya wa dishi na kumwita Yustina.

“Jaribu sasa. Mjini hawatusikii.”

Yustina aliandika jina lake kwa vidole viwili, akaandika nenosiri huku amelikinga kwa mkono mwingine. Mlango ukafunguka. Akalitafuta faili la yule mama aliyetokwa na damu, akalikuta, akaliangalia kundi la damu, akalifunga.

“Na Mansuri?” aliuliza.

“Andika.”

Akaandika jina la Mansuri na nenosiri la kubuni. Ikakataa. Manase alimwonyesha katika orodha kwamba mtu huyo hayumo kabisa, hata nenosiri lake la kweli lisingemfaa. Yustina aliitikia kwa kichwa mara moja, akafunga kompyuta, akasimama.

“Nitapita kwa yule dada jioni nimwambie. Sitamweleza ya Jumanne.” Akageuka mlangoni. “Leo tumepika kuku. Unakula.”

“Asante, sista, basi litaniacha.”

“Basi lipi? Saa sita hii?”

“Wakati mwingine huwahi.”

“Haya, wahi basi lako.”

Basi halikuwahi. Manase alikaa kwenye kituo cha basi juu ya gunia la alizeti la mtu mwingine kwa saa mbili kasorobo. Kutoka pale aliweza kuona paa la jiko la kituo cha afya na moshi ukipanda, kisha moshi ukipungua, kisha wauguzi wakitoka mmoja mmoja kuosha vyombo. Zilikuwa hatua mia mbili. Mara mbili alisimama, na mara zote mbili alikuta hana maneno ya kuingilia. Mtu aliyesema anaondoka atarudi na kusema nini? Mwenye gunia alipokuja kulichukua, Manase alisimama pembeni.

Ndani ya basi, lilipofika kilimani kabla ya Iguguno, simu iliamka mfukoni. Aliishika kwa muda, kisha akaandika ujumbe, kwa urasmi uleule wa barua zake za waya: *Sista Yustina, nakushukuru kwa pole ya Jumanne. Sikuwa nimepewa.* Akautuma kabla hajausahihisha.

Jibu lilimfikia barabara kuu ikiwa tayari inaonekana.

*Ile nilikupa nimesimama, na wagonjwa walikuwa wananiita. Njoo siku isiyo na mashine, tukae.*

Manase alilisoma. Abiria wa jirani, mama aliyepakata kuku wawili, alimwuliza kama amepata habari njema au mbaya, maana uso wake haukueleweka. Alimwambia ni habari za kazi. Kisha, basi lilipokuwa likishusha watu Iguguno, akaona kwamba amedanganya tena, na kwa jambo dogo zaidi. Akamgeukia yule mama.

“Nilifiwa,” alisema. “Mwezi wa saba.”

“Jamani! Pole, baba,” alisema mama yule, akiwasogeza kuku wake ili wasimguse. “Na nani?”

Basi lilikuwa limeshaingia barabara kuu. Mbele yao zilikuwa kama saa moja na nusu kufika mjini, na Manase alianza kutafuta neno la kumwita Marietha.